Kwa nini watayarishaji wengi wa dokumentari huishia filamu moja?

#1 Bi Rasimu

Wakuu salaam.

Mtu anatayarisha dokumentari yake ya kwanza, inapendwa, inazunguka tamasha mbili tatu, kisha kimya. Ya pili haiji. Watu husema kipaji kimeisha. Mimi sikubali, kipaji hakiishi ndani ya mwaka mmoja.

Nasema tatizo limelala kwenye mkataba wa ile ya kwanza. Alisaini karatasi inayompa mnunuzi haki za nchi zote, vyombo vyote, milele, kwa malipo ya mara moja. Fedha ikaishia kwenye madeni ya uhariri. Sasa anataka kutafiti filamu ya pili, na utafiti wa dokumentari unaweza kula miezi 6 hadi mwaka mzima kabla kamera haijawashwa. Nani anailipia miezi hiyo? Kama filamu ya kwanza ingekuwa bado mali yake, ingemlipa kidogo kidogo.

Wenye kujua runinga na wenye kujua dokumentari huru, tuelezane. Naomba ya ufundi na ya mikataba, hadithi za maisha tuziweke kando.

#2 Mzee wa Kanda

Mkataba umo, lakini si mzizi. Mzizi ni kwamba wengi wanaruka runinga. Runinga inafundisha jambo ambalo tamasha halifundishi: kumaliza. Kipindi kina siku ya kurushwa na kina dakika zake. Ukiambiwa 52 ni 52, ukileta 54 inarudi. Mtayarishaji wa kipindi cha kila wiki anakata ndani ya mwaka mmoja maamuzi ya fedha, ya sheria na ya uhariri ambayo mtu wa filamu moja anayakuta mara moja tu, tena yote kwa mkupuo.

Mtazameni David Attenborough, yule wa filamu za wanyama na mazingira. Wengi wanamjua kwa sauti na wanasahau kwamba aliingia BBC mwaka 1952 kujifunza utayarishaji. Zoo Quest, kipindi cha wanyama cha 1954, alikianza akiwa mtayarishaji. Alisogea mbele ya kamera kwa sababu Jack Lester wa bustani ya wanyama ya London, aliyekuwa awe mtangazaji, aliugua. Mwaka 1965 akapewa BBC Two aiongoze, kisha akapanda kusimamia vipindi vya BBC kwa jumla, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaacha ofisi arudi kutengeneza. Life on Earth, mfululizo wa sehemu 13 kuhusu viumbe, ikatoka 1979. Alipokwenda kuomba fedha za kazi kubwa vile alikuwa amekaa miaka upande wa pili wa meza. Alijua swali litakaloulizwa kabla halijaulizwa.

#3 Mkata Picha

Shikamoo mzee. La kumaliza nakubali, ila kinachozuia kumaliza ni wingi wa picha, na hakuna anayeupigia hesabu mapema.

Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Ukirudi na saa 120 una TB 5.4. Nakala tatu, maana chini ya tatu ni kujitakia, ni TB 16.2. Hiyo ni fedha ya diski peke yake.

Sasa muda. Kutazama saa 120 huku unaandika nini kimesemwa na kwenye taimkodi gani (saa na sekunde za picha) kunachukua karibu mara mbili, maana unasimamisha na kurudi nyuma. Hizo ni saa 240. Kwa saa 8 za kazi ni siku 30, yaani wiki 6. Mtu ameandika kwenye bajeti "uhariri wiki 8". Amebakiwa na wiki 2 za kukata filamu nzima. Hapo ndipo deni linapozaliwa, Bi Rasimu, na ndilo linalomsukuma kusaini ule mkataba wako mbaya.

Hoop Dreams, dokumentari ya vijana wa mpira wa kikapu Marekani, ilipangwa iwe kipindi cha dakika 30. Waliishia na takriban saa 250 za picha na filamu ya karibu saa tatu iliyotoka 1994. Walikesha miaka. Kuna wachache sana wanaoweza kurudia mbio hizo mara mbili.

#4 Lenzi50

Mkata Picha, megabiti 100 ni ya wastani. Siku hizi watu wanapiga 4K kwa ProRes 422 HQ (kodeki, yaani namna ya kubana picha, yenye faili kubwa) bila kujiuliza, na hiyo kwa fremu 25 kwa sekunde inapita GB 300 kwa saa. Zile saa 120 zinakuwa zaidi ya TB 36, nakala moja! Halafu filamu yenyewe inaonyeshwa HD. Chagua kodeki kwa kuangalia itakapoonyeshwa na rangi utakayoifanyia kazi. Mahojiano ya mtu amekaa kwenye kiti hayahitaji ujazo ule.

Na jamani, kadi isifutwe kwenye kompyuta. Nakili kwa programu inayohakiki faili moja moja, fungua klipu ya kwanza, ya kati na ya mwisho uone zinacheza, kisha rudisha kadi kwenye kamera na uifomati humohumo.

#5 Kinasa Sauti

Mnahesabu picha tu. Filamu nyingi zinazokataliwa na vituo zinakataliwa kwa masikio. Picha yenye chembechembe mtazamaji anaivumilia, atafikiri ni mtindo. Sauti inayovuma hamalizi dakika tano.

Kurekodi: 48 kHz, biti 24. Vilele vya mazungumzo vicheze karibu na -12 dBFS (kipimo cha sauti ya kidijitali, sifuri ndiyo dari), visiguse sifuri, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezwi na mtu. Mikrofoni ya kubana nguoni ikae shubiri moja chini ya kidevu, katikati ya kifua. Ukiibana kwenye ukosi wa upande mmoja, mtu akigeuka sauti inahama naye. Waya ukunjwe kitanzi ndani ya nguo, la sivyo kila mguso unapiga kama ngoma. Mikrofoni ya pili juu ya fremu, kwenye njia yake ya pekee. Moja ikifa, nyingine inaokoa.

Zima friji na feni. Ufunguo wa gari uweke ndani ya friji uliyoizima, hutaondoka bila kuiwasha tena.

Kabla ya kufungasha, watu wote wanyamaze sekunde 60 mrekodi ukimya wa chumba. Mhariri anaukata ukimya huo na kuubandika kila anapoondoa kikohozi. Bila huo, kila mkato unasikika kama shimo.

Kwenye uchanganyaji wa mwisho, vituo vinavyofuata kipimo cha Ulaya cha EBU R128 vinataka -23 LUFS (ukubwa wa sauti kwa wastani wa kipindi kizima). Marekani wanatumia -24. Ukipeleka -14 uliyoizoea mitandaoni, faili inarudi.

#6 Bi Rasimu

Ahsanteni, ila naona mmenihamisha kwenye hoja nikaingia karakana. Friji haielezi kwa nini filamu ya pili haiji.

Narudi kwenye umiliki. Frederick Wiseman, mtayarishaji wa dokumentari wa Marekani, alikuwa amesomea sheria kabla ya filamu. Titicut Follies ya 1967 ilizuiwa na mahakama ya Massachusetts isionyeshwe kwa umma, na zuio hilo halikuondoka hadi 1991. Mwaka 1971 akaanzisha kampuni yake ya usambazaji, Zipporah Films, na filamu zake zikakaa humo. Alitengeneza zaidi ya 40. Alikata mwenyewe na kushika mikrofoni mwenyewe. Gharama ndogo na haki mkononi. Huyo ndiye mfano wangu, mzee wa Kanda, na hakupandia ngazi za runinga.

#7 Karani wa Haki

Bi Rasimu uko kwenye eneo langu. Watu wanasema "haki" kama kitu kimoja. Kuna haki unazouza na haki unazonunua, na zinazoua zaidi ni zile ulizonunua kwa ufupi.

Kila kipande cha picha za kumbukumbu kina maswali matatu: nchi zipi, vyombo vipi, miaka mingapi. Ukinunua "runinga, nchi moja, miaka 5" kwa sababu ni nafuu, filamu yako ina tarehe ya kufa. Muziki ndio mgumu zaidi, kwani wimbo mmoja una haki mbili. Moja ni ya utunzi, kwa mtunzi au mchapishaji wake. Nyingine ni ya ile rekodi yenyewe, kwa aliyegharimia studio. Ukilipia moja tu hujalipia.

Mfano mkubwa ni Eyes on the Prize ya Henry Hampton na kampuni yake Blackside, sehemu 6 mwaka 1987 na 8 mwaka 1990, kuhusu harakati za haki za raia Marekani. Leseni za picha na nyimbo zilipoisha, mfululizo huo haukuweza kurushwa wala kuuzwa kihalali kwa miaka mingi. Ilibidi Ford Foundation na mfadhili mwingine watoe fedha za kununua upya, na ukarudi PBS, runinga ya umma ya Marekani, mwaka 2006. Fikiria kazi ya ukubwa ule inakaa kabatini kwa sababu ya karatasi.

#8 Mzee wa Kanda

Karani, mfano wako ni wa kweli ila unamvunja nguvu Bi Rasimu. Hampton hakuishia hapo. Blackside ilitoa The Great Depression mwaka 1993 na mfululizo kuhusu vita dhidi ya umaskini mwaka 1995. Leseni zilifunga ile kazi, hazikumfunga mtayarishaji. Alikuwa na kampuni yenye watafiti, wahariri na mkono wa PBS. Turudi palepale, mfumo wa runinga ndio uliomvusha.

Na Wiseman, dada yangu, filamu zake nyingi zilionekana kwa kupitia runinga ya umma ya Marekani. Hakupanda ngazi zake, lakini ndani ya nyumba aliingia.

#9 Bi Rasimu

Aliingia akiwa na ufunguo wake mzee wangu, hapo ndipo tofauti.

#10 Taa Tatu

Mimi naona mnaruka sababu iliyo rahisi: filamu ya kwanza haiuziki kwa kasoro za kitaalamu, mtayarishaji anaona aibu, mnunuzi anamkumbuka kwa ripoti mbovu ya ukaguzi.

Kubwa ni kasi ya fremu na umeme. Kwenye umeme wa 50 Hz taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde inakusanya mapigo mawili kamili kila fremu, picha inatulia. Ukiweka 1/60 kila fremu inakusanya pigo moja na sehemu, mwanga unapanda na kushuka, ukuta mweupe unapumua. Kwenye nchi za 60 Hz ni kinyume chake. Kwenye skrini ndogo ya kamera huioni, unaiona kwenye chumba cha uhariri wakati mhojiwa ameshasafiri.

Pili, ukipiga fremu 30 na kituo kinataka 25, programu inatupa fremu na miendo inadundadunda. Ukipiga 24 hapana shida, inapelekwa 25 moja kwa moja.

#11 Mkata Picha

Taa Tatu hapo kwenye 24 ongeza neno. Ukiiharakisha kuwa 25 filamu inafupika kwa asilimia 4, dakika 60 zinakuwa 57 na sekunde 36. Sauti nayo inapanda wembamba kidogo usipoirekebisha. Aliyepima filamu yake iwe 52 kamili anajikuta na chini ya 50, na kituo kinamdai dakika mbili ambazo hana. Uliza kasi ya mnunuzi kabla ya siku ya kwanza ya kupiga.

Picha za simu ndizo sumu nyingine. Simu nyingi zinarekodi kwa kasi inayobadilikabadilika. Ukiziingiza kwenye mradi zilivyo, mdomo na sauti vinaachana polepole, kufika dakika ya kumi mtu anasema kabla hajafungua kinywa. Zigeuze kwanza ziwe na kasi moja thabiti.

#12 Nukta Mkato

Niongeze la manukuu, kwa kuwa dokumentari ya Kiswahili ikitoka nje, au ya nje ikiingia, ndipo inapoharibikia. Kipimo kinachotumika sana ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, isipungue sekunde moja na isizidi kama saba. Kiswahili kina maneno marefu yasiyokatika, kwa hiyo kinadai nafasi zaidi kuliko Kiingereza. Mtafsiri asipopewa muda anabana, maana inakufa.

#13 Kinasa Sauti

Nukta Mkato, umehesabu? Chukua "Tulipowauliza walitukatalia". Herufi 27 ukijumlisha nafasi. Kiingereza kinahitaji maneno saba kusema hilohilo na kinavuka herufi 30. Kwenye manukuu Kiswahili mara nyingi kinabana vizuri, kwa sababu nafsi, wakati na mtendwa vyote vimo ndani ya kitenzi.

Kinakozidi ni kwenye sauti ya msimulizi. Sentensi hiyo ina silabi 14, na kila silabi ya Kiswahili inatamkwa kamili, hakuna ya kumeza. Kiingereza ni silabi 8. Picha iliyokatwa kwa msimulizi wa Kiingereza haimtoshi msimulizi wa Kiswahili, anaanza kukimbia kama mtangaza mpira.

#14 Nukta Mkato

Hapo umenisahihisha kwa haki. Basi niseme hivi: mswada wa msimulizi usomwe kwa sauti, saa ya kuhesabu ikiwa mkononi, picha ikicheza, kabla ya kufunga mkato. Anayesoma kimoyomoyo hujidanganya. Na kwa mauzo ya nje tunza sauti katika tabaka mbili, muziki na sauti za mahali peke yake, msimulizi peke yake, pamoja na picha zisizo na maandishi juu yake. Aliyechanganya vyote kwenye faili moja hawezi kuuza kwa lugha nyingine bila kurudi studio upya.

#15 Shajara

Nimewafuata kimya. Kwa maoni yangu filamu ya pili haiji kwa sababu ya watu wa filamu ya kwanza. Dokumentari inajengwa kwa imani ya watu. Ukiivunja, habari inatangulia kabla yako, na mlango unaofuata unaukuta umefungwa.

The Thin Blue Line, dokumentari ya Errol Morris ya 1988, ilisaidia kumtoa gerezani Randall Dale Adams, aliyefungwa kwa mauaji asiyoyafanya, akaachiwa 1989. Hakuna dokumentari nyingi zenye matunda kama hayo. Hata hivyo baada ya kutoka, Adams na Morris waliingia kwenye mgogoro wa kisheria juu ya nani anamiliki haki za simulizi ya maisha ya Adams, ukamalizwa nje ya mahakama. Kama hapo palitokea sintofahamu kati ya mtu na aliyemsaidia kuwa huru, wewe uliyemhoji mtu kwa nusu saa barabarani una uhakika gani?

#16 Karani wa Haki

Shajara umenigusa. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa lugha anayoielewa anayesaini, na iseme jina la filamu la muda, itakapoweza kuonyeshwa, kama ana malipo au hana, na kwamba hauzi haki ya kusimulia maisha yake kwingine isipokuwa mmekubaliana hivyo waziwazi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa.

Isainiwe kabla ya mahojiano. Mkishamaliza mtu amechoka au amejuta, na wewe unamsukuma, si ridhaa hiyo. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya kamera, ajibu kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto asainiwe na mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe aulizwe pia. Mahali pa mtu binafsi pana fomu yake. Piga picha ya kila fomu siku hiyohiyo na uipe jina sawa na klipu.

Kampuni ya bima ya makosa ya uandishi wa habari na hakimiliki itazitaka zote, na wanunuzi wakubwa hawapokei filamu isiyo na bima hiyo.

#17 Lenzi50

Na uaminifu kwa mtazamaji? Robert Flaherty kwenye Nanook of the North, filamu yake ya 1922 kuhusu Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, alijengesha nusu ya nyumba ya barafu ili mwanga uingie na kamera ienee. Huyo tunamwita baba wa dokumentari. Leo ukifanya hivyo unafungiwa.

#18 Mzee wa Kanda

Kijana, Flaherty alikuwa anafanya kazi kabla neno lenyewe halijatumika kwa filamu hivi tunavyolitumia. John Grierson alilitumia mwaka 1926, akiandika kwenye gazeti la New York kuhusu filamu nyingine ya Flaherty. Hata hivyo sitetei kila alichofanya, mhusika mkuu hakuitwa Nanook, na uwindaji ulipangwa wa kizamani wakati wenyewe walikuwa na bunduki.

Ila kwa mada yetu anafaa. Picha alizopiga mwanzo ziliungua karibu mwaka 1916 kwa moto wa sigara, zaidi ya mita 9,000 za nega. Akarudi kaskazini kwa fedha za Revillon Frères, wafanyabiashara wa manyoya. Aliyepoteza kila kitu alipata filamu yake, na kilichomvusha ni mfadhili mwenye maslahi. Nakala moja si nakala, Mkata Picha amesema.

#19 Daftari la Bajeti

Wote mmezunguka mtiririko wa fedha bila kuutaja. Kituo kinachoagiza filamu hakilipi yote mwanzoni. Kinagawa: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kupiga kunapoanza, sehemu kikikubali mkato wa kwanza, na kipande cha mwisho baada ya faili kupita ukaguzi. Kipande hicho kinaweza kuchelewa miezi. Mhariri, mchanganya sauti na mrekebisha rangi wanataka fedha yao sasa. Pengo hilo analiziba mtayarishaji kwa mfuko wake, na mfuko huohuo ndio uliokuwa wa utafiti wa filamu ya pili.

Kwa hiyo bajeti iwe na kalenda, kila mstari uonyeshe unatoka wiki gani na unaingia wiki gani. Weka asilimia 10 ya dharura na usiiguse kwa kukodi lenzi nzuri zaidi. Ujira wako uandike kama wa mtu mwingine yeyote. Anayejiandikia sifuri anamfundisha mnunuzi kwamba kazi yake ni sifuri, na bajeti inayofuata itapimwa kwa hiyo.

La mwisho: utafiti wa filamu ya pili uanze wakati ya kwanza iko kwenye uhariri. Ukienda tamashani mfukoni uwe na kurasa mbili za wazo jipya na kionjo cha dakika 3. Atakayeipenda ya kwanza atauliza "sasa unafanya nini?" papo hapo, ukumbini. Mwaka mmoja baadaye hakukumbuki.

#20 Mkata Picha

Daftari, hapo kwenye kionjo watu wanakosea. Wanakata trela ya filamu ambayo bado haipo, milio mingi na maandishi makubwa. Mnunuzi anataka kuona mambo mawili: mhusika anavyoongea bila kukatwa walau dakika moja, na kwamba mlango alioahidi mtayarishaji kweli umefunguliwa. Tukio moja kamili linatosha.

#21 Mgeni Mpya

Habari wakuu, uzi mzuri. Nataka kuanza, nianzie kwenye kituo cha runinga au nichukue kamera nianze filamu yangu?

#22 Mzee wa Kanda

Kituoni. Omba utafiti au uratibu wa vipindi, usiombe uongozaji. Miaka miwili.

#23 Bi Rasimu

Chukua kamera, fanya dakika 10 na umiliki kila sekunde yake. Kituoni utasaini kwamba kila wazo ulilolipata ukiwa mwajiriwa ni lao.

#24 Kinasa Sauti

Popote uendapo nunua mikrofoni kabla ya lenzi ya pili.

#25 Shajara

Kuna aliyeshika pande zote mbili na hatujamtaja. Mohamed Amin alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, akiwa bado hajatimiza miaka 21, kisha akahamia Nairobi. Alizipigia picha taasisi kubwa za habari. Picha zake za njaa ya Ethiopia zilizorushwa na BBC Oktoba 1984, Michael Buerk akisimulia, zilitikisa dunia. Alipoteza mkono mwaka 1991 Addis Ababa kwenye mlipuko wa ghala la silaha, akarudi kupiga picha kwa mkono bandia. Alifariki 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka karibu na Komoro.

Kampuni yake ilitoa habari, filamu, vitabu na maktaba ya picha. Habari za leo zililipa mshahara, maktaba ikabaki mali. Hapo mzee wa Kanda na Bi Rasimu mnapata wote.

#26 Bi Rasimu

Maktaba! Nashukuru Shajara. Zile saa 119 ambazo hazikuingia kwenye filamu ya saa moja ni za nani? Mikataba mingi inasema "filamu na vifaa vyote vilivyozalishwa". Neno "vyote" linachukua hata picha ambazo hazijaonyeshwa. Karani, mtu anafanyaje?

#27 Karani wa Haki

Kabla ya kusaini tenga vifungu viwili. Cha kwanza: unachouza ni filamu iliyokamilika, dakika kadhaa, kwa matoleo haya na haya. Cha pili: picha zisizotumika zinabaki kwako, na mnunuzi anapewa ahadi kwamba hutaziuza kwa mshindani kwa muda fulani, tuseme miezi 18 tangu irushwe mara ya kwanza. Ukitoa kipindi hicho cha kusubiri mnunuzi huwa hana hofu. Ongeza kwamba haki zinarudi kwako leseni ikiisha, na kwamba asipoirusha ndani ya muda mliopatana zinarudi mapema.

Akikataa vyote, uliza bei ya "milele" ni ipi na bei ya miaka 7 ni ipi. Zikiwa sawa, basi hiyo "milele" anaitaka bure.

#28 Daftari la Bajeti

Na picha hizo zihifadhiwe kwenye nini miaka yote hiyo? Diski za kawaida zikikaa rafuni miaka mingi bila kuwashwa zinagoma. Kanda za LTO (kanda za sumaku za kuhifadhia data) zinadumu zaidi, ila kifaa cha kuzisomea ni ghali, na kila toleo jipya husoma matoleo machache tu ya nyuma yake. Anayejua namna ya bei nafuu aweke hapa.

#29 Lenzi50

Diski mbili za kampuni tofauti, nyumba mbili tofauti, ziwashwe na kuhakikiwa kila miezi 6, zihamishwe kwenda mpya kila miaka 4 au 5. Daftari la yaliyomo lichapwe kwenye karatasi liwekwe ndani ya boksi la kila moja, na taimkodi zake.

#30 Mkata Picha

Na majina ya faili, Lenzi50. Tarehe, mahali, namba ya kamera, namba ya kadi. Nimeletewa boksi lenye folda 40 zinazoitwa "mpya", sijamaliza kuzifungua.